Kwa Mpwa Wangu Homa Bay

Migori

Mpwa wangu mpendwa Akinyi,

 

Uliniambia kwa simu kwamba wenzako hapo Chuo Kikuu cha Tom Mboya wanamwita Mboya kibaraka wa Wamarekani. Neno hilo limeniuma, ndiyo maana nakuandikia.

Zama hizo Marekani na Urusi zilikuwa zinagombea dunia nzima, na Afrika ilikuwa miongoni mwa vilivyogombewa. Mboya, aliyekuwa kiongozi wa wafanyakazi wetu Kenya, alipokea pesa za vyama vya wafanyakazi vya Marekani, zikasaidia kujenga Solidarity House pale Nairobi. Hilo sikufichi. Jaramogi Oginga Odinga naye alipeleka vijana wetu kusoma nchi za Kikomunisti. Wote wawili walijua mfadhili anataka nini.

Lakini ndege ya Septemba 1959, aliyoiandaa Mboya kupeleka wanafunzi 81 New York, haikulipiwa na serikali yoyote. Waingereza hawakuitaka kabisa. Jackie Robinson, mcheza besiboli, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, walitia sahihi barua ya kuwaomba watu michango. Huku nyumbani wazazi waliuza ng'ombe, vijiji vikachanga.

Hebu watazame hao Wamarekani Weusi waliotoa. Kule Kusini mwa nchi yao wenyewe hawakuruhusiwa kukaa mkahawa mmoja na Mzungu. Aprili mwaka huohuo Mboya alihutubia vijana walioandamana Washington kudai watoto weusi na weupe wasome pamoja. Martin Luther King aliandikiana naye barua na kuwasaidia wanafunzi wetu. Kwao, kumwondoa mkoloni Kenya na kupata haki Alabama ilikuwa kazi moja.

Wakubwa walikuja baadaye. Mwaka 1960 serikali ya Marekani ilikataa kugharamia ndege za pili. Mboya akaenda kumwona Kennedy, aliyekuwa anawania urais, na wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000. Kambi ya Nixon, mpinzani wake, iliposikia, serikali ileile ikajitokeza na pesa. Kura za Weusi zilikuwa zinatafutwa.

Wangari Maathai alisafiri mwaka huo. Amesimulia mwenyewe kwamba wakiwa njiani kwa basi kwenda Kansas, waliingia mkahawa mmoja Indiana kununua soda. Wakaambiwa wakanywee nje. Msichana wa miaka 20 kutoka Nyeri, na kiu yake, anafukuzwa mezani katika nchi iliyokuwa ikijitangaza kwetu kuwa ndiyo kwao uhuru!

Na Urusi je? Desemba 1963 wanafunzi Waafrika waliandamana hadi Uwanja Mwekundu, Moscow, wakilalamikia kifo cha mwenzao kutoka Ghana na ubaguzi waliokuwa wakifanyiwa.

Kufikia 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwenda Marekani kwa mpango huo, na wengi wao ndio walioshika ofisi na madarasa Mwingereza alipoondoka. Kibaraka hafanyi hivyo. Mboya aliyatumia mashindano ya wakubwa kuwasomesha watoto wa maskini, akisaidiwa kwanza na watu waliokuwa wakionewa kama sisi.

Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Kaburi lake liko Rusinga. Mkifika Mbita mnavuka daraja tu. Nenda na hao wenzako kabla chuo hakijafungwa. Nauli nitawatumia.

Mjomba wako