Kuwachagulia Vitabu Vijana Wasomao Nyumbani

Ndugu mwalimu mwanachuo, utakapomaliza mafunzo yako na kupangiwa shule ya msingi ya kijijini, usidhani kwamba kazi itakwisha kengele ya mwisho ikilia. Jioni watakuja mlangoni pako vijana wasiokuwamo katika daftari lako la mahudhurio: huyu aliacha sekondari kwa sababu ya uyatima, yule alijifungua, mwingine alianguka mtihani wa kidato cha pili akaona haya kurudia darasa. Watakuomba uwasomeshe nyumbani. Aghalabu wataomba historia, Kiswahili na fasihi, maana hayo ni masomo yasiyohitaji maabara. Hapo ndipo utakapokabiliwa na swali zito: uwasomeshe nini, na uanze na kipi? Mimi nilipoulizwa swali hilo nilikosea. Naeleza kosa langu hapa ili wewe usilirudie.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliacha shule akiwa kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi wa namna hiyo kurejea katika shule za kawaida, na hilo ni jambo jema. Lakini mtoto wake alikuwa bado ananyonya, na shule ilikuwa mbali. Dada akaniomba nimsomeshe hapa Vwawa ili afanye Mtihani wa Maarifa, ambao mtahiniwa wa kujitegemea akiufaulu huruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne. Ada ya mtihani alikuwa ameitenga katika fedha za kahawa. Baada ya majuma mawili walijiunga vijana wengine wawili wa jirani: msichana auzaye viazi sokoni, na mvulana amsaidiaye babake shambani.

Sina budi kukiri kwamba nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimesoma habari za elimu ya kale ya Ulaya, ambamo kijana alianza na sarufi, akafuatia mantiki, kisha balagha, yaani ufundi wa kusema kwa kushawishi. Nikaona kwamba hata sisi si wageni wa mpango huo. Maneno yenyewe, mantiki na balagha, yameingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na wanazuoni wa pwani walisoma masomo hayo kabla shule za kikoloni hazijafunguliwa. Nikajiambia: kwa nini vijana wa Mbozi wapewe madondoo ya kukariri, ilhali waweza kupewa hazina ya binadamu wote? Nikaandika orodha. Juu kabisa niliweka Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728. Chini yake nikaweka Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles iliyofasiriwa na Samuel Mushi. Kisha Juliasi Kaizari ya Shakespeare, iliyofasiriwa na Mwalimu Nyerere.

Kwa miezi miwili tulikaa mezani kila jioni. Utendi ule umeandikwa kwa lahaja ya kale ya kaskazini. Nilieleza neno moja moja, nao wakanakili. Mpwa wangu, ambaye jikoni hazibi mdomo, mezani akawa bubu. Nilidhani ni adabu. Usiku mmoja, wenzake walipokwisha kuaga, aliniambia, “Mjomba, naomba kuuliza, wala sikukosei heshima. Haya yatatoka katika mtihani?” Nikamjibu kwamba elimu si mtihani peke yake. Akainamisha kichwa, akasema, “Ndiyo, Mjomba. Lakini ada ya mama ni ya mara moja.”

Nilikosa la kusema. Kesho yake niliwapa karatasi ya zamani ya mtihani wa historia. Mpwa wangu alipata alama 19 kwa 100, na wenzake hawakumzidi sana. Nilipokuwa nikisahihisha niliona wazi kwamba alama zile zilikuwa zangu mimi mwalimu.

Nilipotafakari nikaona nilikuwa nimetenda makosa matatu. Kwanza, nilichagua kitabu kwa heshima yake badala ya kuangalia hali ya msomaji. Utendi wa Tambuka ni kazi kuu, lakini msomaji wake wahitaji ngazi ya kumfikisha huko, nami sikumjengea. Pili, sikuufungua muhtasari wa masomo hata siku moja, kana kwamba kuufuata ni jambo la aibu. Tatu, nilisahau suala la lugha. Historia waliyojiandaa kutahiniwa huulizwa kwa Kiingereza, nami nilikuwa nikizungumza nao kwa Kiswahili tu, bila kuwazoeza hata aya moja ya lugha watakayojibia.

Mtu aliyeungua hukimbilia upande wa pili. Juma lililofuata niliviweka vitabu vyote rafuni, nikaanza kuwakaririsha majibu. Baada ya siku chache yule mvulana aliweza kutaja sababu za Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, bila kukosea hata moja. Nikamwuliza, “Ungalikuwa mkulima wa wakati ule, ungaliyanywa maji yale?” Akaduwaa. Sababu alikuwa nazo mdomoni, lakini hakuwa amewafikiria watu. Basi nikatambua kwamba njia hii nayo ilikuwa na hatari yake: ingeweza kumpitisha katika mtihani na kumwacha vilevile alivyokuja.

Hapo ndipo nilipochukua karatasi kubwa na kuigawa kwa mstari wa kati. Upande wa kushoto niliandika mada za muhtasari, moja baada ya moja. Upande wa kulia, mbele ya kila mada, niliandika kitu kimoja tu, ama kitabu, ama sura ya kitabu, ama kitu cha kuonekana kwa macho, kitakachowalazimisha kufikiri juu ya mada ile. Kitu kisichokuwa na mada ya kushikamana nayo kilisubiri.

Mada ya kwanza ilikuwa vyanzo vya historia. Hatukuanza na Wagiriki. Tulikwenda kukitazama Kimondo cha Mbozi kule Ndolezi. Kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Imeandikwa kwamba kilijulikana mwaka 1930. Nikawauliza: kilijulikana na nani? Msichana wa viazi akajibu papo hapo kwamba wazee walikuwa wakikijua kabla ya hapo. “Basi mwaka 1930 ni mwaka wa nini?” Wakabishana njia nzima ya kurudi. Mwishowe walikubaliana kwamba maandishi huonyesha siku mwandishi alipopata habari, na si lazima iwe siku jambo lilipoanza. Hiyo ndiyo mantiki niliyokuwa nikiitafuta.

Kwa mada za utawala na sheria nilichagua Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951. Karama anashtakiwa kwa sababu ya kutaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea mbele ya mfalme. Lugha yake ni nzito, lakini ni lugha wanayoweza kuifikia. Walipokwisha kumwelewa Karama, niliwasimulia habari za Socrates, aliyeshtakiwa Athens mwaka 399 kabla ya Kristo kwa kuharibu vijana na kutoiheshimu miungu ya mji. Karama alishinda, Socrates alihukumiwa kufa. Mpwa wangu akauliza kwa nini Socrates hakukimbia. Tulizungumza mpaka taa ikaanza kufifia. Juliasi Kaizari tuliisoma baadaye, kwa ajili ya hotuba mbili za mazishini: jinsi umati ule ule unavyoweza kugeuzwa na wasemaji wawili. Yule mvulana alisema amewahi kuona jambo hilo katika mkutano wa kijiji.

Kuhusu lugha tulifuata desturi moja. Mjadala ulikuwa kwa Kiswahili, pasipo kumzuia mtu. Kisha kila mmoja aliandika aya moja ya Kiingereza, ya mistari sita, akieleza alichokisema mwenyewe. Makosa yalikuwa mengi mwanzoni, lakini aliyeandika alikuwa na jambo la kuandika, na huyo ni rahisi kumsahihisha.

Sitaki kukudanganya kwamba mambo yote yalikwenda vyema. Mvulana alituacha kabla ya mtihani; alipata kazi ya kupakua mizigo Tunduma, na nyumbani kwao fedha zilihitajika. Alikuja kuaga akiwa na nakala yangu ya Kusadikika mkononi, akaomba aende nayo. Nilimpa. Wasichana wote wawili walifaulu Mtihani wa Maarifa, ijapokuwa si kwa alama za juu, na sasa wanajiandaa kwa kidato cha nne. Utendi wa Tambuka ungali rafuni. Juzi mpwa wangu aliuchukua mwenyewe, akasoma beti chache, akauliza maana ya maneno mawili, akaurudisha.

Basi, ndugu mwanachuo, kijana atakapobisha hodi kwako, jiulize mambo matatu kabla ya kumpa kitabu. Je, muhtasari na mtihani vinadai nini kwake? Ni kitu gani anachokijua tayari, kilicho karibu naye, kinachoweza kuwa ngazi? Na je, kitabu hiki kitamfanya aulize swali lake mwenyewe, au atanakili tu? Kisha muulize yeye. Mimi nilichelewa miezi miwili kwa sababu nilingoja mpaka aliyenipasa kumwuliza akapata ujasiri wa kuniuliza mimi.