Alinikatia, au mkongo ulikatika?

Jumapili ya Mei 12, 2024, nilimwambia mume wangu neno nililokuwa nimelikalia miezi minne: "Baba Neema, mimi nimechoka kuolewa na simu." Yeye yuko Leeds, Uingereza, anasoma; mimi niko Dar es Salaam na mtoto. Uso wake ukaganda kwenye skrini, mdomo nusu wazi. Halafu kimya.

Mpenzi msomaji, unajua mwanamke anavyowaza kimya kikiingia. Amekata. Hataki kusikia. Nikaacha faiba ya nyumbani, nikawasha bando la simu. Hola!

Kesho yake ofisini ndipo nikasikia kwamba mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikuwa imekatika, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki inahangaika. Hapo nikaelewa jambo ambalo wauzaji hawakututajia tulipokuwa tunabishana, mimi nikitaka faiba, yeye akitaka intaneti ya mnara. Faiba kweli imetulia. Mnara mnagawana na mtaa mzima, na saa mbili usiku kila mtu yumo. Lakini ubishi huo unaishia mlangoni kwako. Ukitaka kufika Leeds, vyote viwili vinateremka bahari ile ile. Nilikuwa na laini mbili, njia moja.

Setilaiti je? Zile za zamani ziko kilomita 36,000 juu. Unauliza swali, jibu linarudi baada ya nusu sekunde hivi, na kwa wapenzi walionuniana nusu sekunde ni ndefu, jamani. Za Starlink zinazunguka chini zaidi sana, kwa hiyo ucheleweshaji unapungua sana. Majirani zetu Kenya walianza kuzitumia 2023.

Mimi jioni ile nilinunua vocha, nikapiga simu ya kawaida, ile ya bei mbaya. Akapokea mlio wa kwanza.

"Mbona ulinikatia?" akauliza, hata salamu hakuna.

Kumbe naye alikesha na dhana hiyo hiyo! Nikamwuliza alisikia nini mwisho. "Mimi nimechoka." Basi. Yaliyobaki hayakufika. Nikayarudia yote, polepole, salio likiyeyuka. Akanyamaza, na safari hii nilijua anayenyamaza ni yeye, siyo mkongo. Kisha akasema atakuja Desemba, tasnifu iwe imeisha au haijaisha.