Kutangulia Si Kufika

Wengi wenu mmesikia habari za Washington, mji mkuu wa Marekani. Leo hatuwapeleki kwenye nyumba nyeupe ya Rais wala kwenye majumba makubwa ya serikali. Twawapeleka kando ya mto Anacostia, kwenye kiwanja cha mchezo usiojulikana sana huku kwetu, uitwao besiboli. Hapo, mwaka 2019, tulipata somo ambalo hatukulitafuta.

Sisi ndugu wawili tulikuwa tumekwenda kumtembelea dada yetu, aliyeolewa na kukaa karibu na mji ule. Tulifika mwishoni mwa mwezi wa tatu, baridi ilipokuwa ikipungua na miti ikianza kuchanua maua. Shemeji yetu ni mpenzi mkubwa wa timu ya Washington, iitwayo Nationals. Binti yake, aliyekuwa akisoma mwaka wa tano wa shule ya msingi, alimshinda baba yake kwa mapenzi hayo.

Kufika kiwanjani si kazi. Mtu hupanda treni ipitayo chini ya ardhi, akashuka katika kituo cha Navy Yard, kisha huwafuata tu watu waliovaa nguo nyekundu. Kiwanja kilifunguliwa mwezi wa tatu mwaka 2008, nacho huchukua watu kama 41,000. Shemeji alituonyesha viti, na majani yaliyokatwa vizuri, akatuambia: «Hapa ndipo Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 alipotusomea Misa, tarehe 17 mwezi wa nne mwaka 2008. Kiwanja hakikuwa kimetimiza hata mwezi mmoja.» Tuliposikia hayo tulivua kofia zetu bila kuambiwa.

Mchezo wenyewe ni hivi. Kila upande una watu tisa. Mmoja hurusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu nyingi. Mpinzani wake husimama na rungu mkononi aupige. Akiupiga vema, hukimbia toka kituo hata kituo, na akivizunguka vyote vinne mpaka kurudi pale alipoanzia, timu yake hupata alama moja. Hakuna saa ya kumaliza mchezo: kila timu hupewa zamu tisa za kupiga, na zamu zikiisha kwa sare, huendelea. Tena huchezwa karibu kila siku, toka mwisho wa mwezi wa tatu hata mwisho wa mwezi wa tisa, michezo 162 kwa kila timu. Kwa hiyo hata timu bora hushindwa mara nyingi. Ni kama kazi ya shamba: mkulima hapimi mavuno yake kwa mvua ya juma la kwanza.

Lakini sisi tulipima. Siku ya kwanza kabisa, tarehe 28 mwezi wa tatu, Nationals walishindwa na timu ya New York iitwayo Mets kwa alama 2 kwa 0. Tarehe 2 mwezi wa nne tulikwenda kiwanjani usiku, katika baridi na mvua. Usiku ule alirudi Bryce Harper, kijana aliyechezea Washington miaka saba, ambaye sasa alikuwa amehamia Philadelphia kwa mkataba wa dola milioni 330. Watu walimzomea mpaka sauti zikawakauka. Naye akawajibu kwa rungu lake: aliupiga mpira ukaruka mbali, ukaangukia kati ya watazamaji, na Philadelphia wakashinda 8 kwa 2. Usiku huohuo Trea Turner, mkimbiaji hodari wa Washington, alivunjika kidole. Kesho yake Nationals walishinda 9 kwa 8, tukafurahi. Siku zilizofuata, hatukujua tena tufurahi au tulie: leo kushinda, kesho kushindwa mara mbili.

Katikati ya mchezo kuna kichekesho. Watu wanne huvaa vichwa vikubwa vya Marais wa zamani, Washington, Jefferson, Lincoln na Roosevelt, wakashindana mbio. Shemeji alituambia kwamba huyo Roosevelt, tangu mbio hizo zilipoanza mwaka 2006 hata mwezi wa kumi mwaka 2012, hakushinda hata mara moja, ijapokuwa alikimbia zaidi ya mara 500. Na kila mara watu walimshangilia yeye kuliko wote. Tulicheka sana, wala hatukufikiri zaidi.

Binti wa dada alikuwa na daftari. Alikuwa amechora ndani yake vyumba vidogo 162, kimoja kwa kila mchezo. Wakishinda, alikipaka chumba rangi nyekundu, wakishindwa, nyeusi. Mwezi wa tano ulipokuwa ukielekea mwisho, Nationals walikwenda New York, wakashindwa mara nne mfululizo. Usiku wa tarehe 23 tulilitazama daftari: vyumba 19 vyekundu, vyumba 31 vyeusi. Kesho yake asubuhi tulikuwa tunasafiri kurudi nyumbani. Kwa kumhurumia mtoto tukamwambia: «Binti yetu, hawa wamekwisha. Mbona usichague timu nyingine, usije ukalia mwaka mzima?»

Hakukasirika. Alihesabu kwa kidole vyumba vilivyobaki vyeupe, akasema: «Wajomba, bado 112.»

Tuliondoka tukidhani ni maneno ya kitoto. Habari zilizobaki tulizipata kwa barua za dada. Aliandika kwamba mwezi wa sita Max Scherzer, mrushaji mkuu wa timu, aligongwa na mpira usoni akavunjika pua, na kesho yake akasimama kurusha huku jicho limevimba, akamaliza zamu saba bila wapinzani kupata alama hata moja. Aliandika kwamba wekundu ulikuwa ukiongezeka daftarini. Katika vyumba vile 112, Nationals walishinda mara 74. Tarehe 1 mwezi wa kumi, katika mchezo ambao mwenye kushindwa angerudi nyumbani, walikuwa nyuma 3 kwa 1 hata zamu ya nane. Ndipo Juan Soto, kijana wa miaka 20, akaupiga mpira uliowaokoa, wakashinda 4 kwa 3. Mwisho walicheza fainali kuu na Houston. Jambo la ajabu: michezo mitatu iliyochezwa Washington walishindwa yote, lakini minne ya Houston walishinda yote! Tarehe 30 mwezi wa kumi wakawa mabingwa. Mji ule haukuwa umepata ubingwa huo tangu mwaka 1924, na kwa miaka 33 haukuwa na timu yoyote ya mchezo huo.

Tulifurahi, lakini pia tuliona haya. Sisi watu wazima tulikuwa tumefunga hesabu ambayo mtoto aliiacha wazi.

Msidhani, wapenzi, kwamba uaminifu hulipwa kikombe kila mwaka. Tangu 2020 hata 2025 timu ile ilishindwa kila mwaka mara nyingi kuliko kushinda. Mwaka 2022 ilishindwa mara 107. Kama binti yule angependa kwa ajili ya ushindi tu, angekuwa ameacha zamani. Dada anatuambia kwamba daftari la mwaka 2022, lenye weusi mwingi kuliko wekundu, limewekwa kabatini juu ya lile la 2019, nalo limejazwa mpaka chumba cha mwisho.

Nanyi wanafunzi mliopata alama mbaya katika muhula wa kwanza, nanyi wazazi mnaotaka kusema juu ya mtoto wenu, «Huyu amekwisha», kumbukeni methali ya wazee: kutangulia si kufika. Kabla ya kusema neno hilo, hesabuni kwanza vyumba vilivyobaki vyeupe.