SEHEMU YA 4: Siku binti yangu alipoamua kunyoosha mgongo

Watoto wamelala? Haya, tuendelee tulipoishia.

Kwa wageni: mimi ni muuguzi, lakini mwaka juzi nilikwenda Delhi, India, kama mama. Binti yangu wa miaka 6 alikuwa na tundu kwenye moyo. Upasuaji ulikwenda salama, tundu likazibwa, ila daktari akasema hatupandi ndege mpaka amwone tena baada ya wiki 2. Tukapanga chumba karibu na hospitali.

Sasa hapo ndipo kazi ilipoanza. Mtoto alikuwa anatembea ameinama kama bibi wa miaka 90, mikono kifuani, analinda kidonda. Ukimwambia "nyooka mama", analia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alishatueleza kwamba akiendelea kujikunja, mapafu hayatanuki vizuri, makohozi yanakaa, na anaweza kupata nimonia. Tukapuliza mapovu ya sabuni, tukaahidi zawadi. Wapi!

Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimegeuka wodi. Nahesabu pumzi zake usiku kucha. Napima joto kila baada ya saa chache. Naangalia midomo kama imekuwa ya bluu. Siku moja akaniuliza, "Mama, wewe utaacha lini kuwa nesi?" Nikaenda bafuni nikalia kimyakimya.

Kesho yake tulikuwa na miadi ya kliniki. Nikamuuliza daktari kama naweza kumtoa kidogo. Akasema aende, asichoshwe, avae barakoa, na asikae penye msongamano. Dada wa chumba cha jirani, naye anamuuguza mwanawe, akaniambia nimpeleke makumbusho: ndani kuna kivuli, kuna viti, na asubuhi watu ni wachache.

Jumatatu tukapanda bajaji (ndiyo, bajaji kama zetu, ila za kwao ni za kijani na njano) mpaka Makumbusho ya Taifa, barabara ya Janpath. Kufika, geti limefungwa. Kumbe makumbusho mengi ya Delhi hayafunguliwi Jumatatu! Kosa langu, sikuuliza. Mtoto akachoka bure, tukarudi.

Jumanne tukaenda tena. Jiandae, tiketi ya mgeni ni ghali mara nyingi kuliko ya mwenyeji. Nilisita, hela ilikuwa ya kuhesabu. Nikalipa.

Tulianzia kwenye vitu vya miji ya kale ya bonde la mto Indus. Kuna vyungu, shanga, mihuri midogo yenye picha za wanyama. Binti yangu anatembea vilevile, ameinama, anatazama sakafu. Halafu tukafika kwenye kabati la kioo lenye kisanamu kimoja cha shaba. Mama zangu, kile kisanamu ni kidogo! Sentimita 10 na nusu hivi, kinaenea kiganjani. Ni msichana. Kilifukuliwa mwaka 1926 huko Mohenjo-daro, ambako leo ni Pakistan, na umri wake ni zaidi ya miaka 4,000. Wanamwita Msichana Anayecheza Ngoma, ingawa hachezi, amesimama tu. Mkono wa kulia ameshika kiuno. Mkono wa kushoto umejaa bangili toka chini mpaka juu. Kidevu amekiinua, kama mtu anayekuuliza, "Haya, unasemaje?"

Binti yangu akasogea. Akatazama weee. Kisha akauliza:

"Mama, miguu yake iko wapi?"

"Imevunjika, mwanangu. Zamani sana."

"Inamuuma?"

"Haimuumi tena."

Akanyamaza. Halafu nikaona mkono wake wa kulia unatoka kifuani, taratibu, unakwenda kiunoni. Kidevu kikapanda. Mabega yakarudi nyuma. Akasimama pale mbele ya kioo, amenyooka, barakoa usoni, anamtazama mwenzake. Alikaa hivyo pengine nusu dakika, akasema, "Kinavuta kidogo tu." Kidonda, yaani.

Sikupiga picha. Sikuhesabu pumzi. Nilipiga magoti nikamkumbatia kwa pembeni, na hapo nikagundua kuwa toka atoke chumba cha upasuaji nilikuwa namshika kama mgonjwa tu.

Baada ya siku 3 tukaenda makumbusho ya wanasesere, yaliyoanzishwa mwaka 1965 na mchora katuni aitwaye Shankar. Balozi wa Hungary alimpa mwanasesere mmoja, naye akaanza kukusanya. Leo wako zaidi ya 6,000, kutoka nchi zaidi ya 80. Binti yangu alikuwa anawapita mmojammoja akiwaonyesha "pozi la msichana wa shaba". Ya treni pia tulikwenda, ila kupanda kitreni cha watoto nilimkatalia, kwa sababu ya mtikisiko. Alininunia mpaka tukafika chumbani. Nilifurahi, maana mtoto anayenuna ana nguvu.

Sasa somo la leo, kwa mwenye mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa kifua:

1. Usimtoe nje bila ruhusa ya daktari wake. Kila mtoto ana hali yake.

2. Usimwinue kwa kumshika makwapani wala kumvuta mikono. Mfupa wa kifua unahitaji wiki 6 hadi 8 kuunga. Weka mkono mmoja chini ya makalio, mwingine mgongoni, umbebe kama unavyobeba mchanga.

3. Mkitoka, beba maji, dawa zake, na karatasi yenye namba ya hospitali. Nusu saa ya kutazama inatosha, kisha kaeni. Rudini kabla hajachoka.

4. Homa, kidonda kutoa maji au usaha, kupumua kwa shida, midomo kuwa ya bluu: usisubiri kesho, rudi hospitali.

5. Na hili silikuti kwenye vitabu vyetu vya uuguzi: mtafutie mtoto kitu cha kutazama kisichohusu ugonjwa wake. Si lazima iwe Delhi. Hata dirishani kwa jirani mwenye kuku.

Leo ana miaka 8. Kovu lipo, halifichi. Akigombezwa anashika kiuno, anainua kidevu, nami nashindwa kuendelea kugomba.

Sehemu ya 5 nitawapeleka makumbusho ya vyoo. Msicheke, yapo kweli, Delhi hiyohiyo, na muuguzi alijifunza mengi kule. Usiku mwema, wabusuni watoto.