Tukingoja Safari, Tupande Dodo

Mwezi huu tumeombwa kuandika juu ya bustani ya nyumbani. Sisi si mabwana shamba. Sisi ni watu wa nyumba moja, mama yetu na watoto wake wanne, na mmoja wetu ni mwalimu wa kujitolea hapa kambini. Lakini kiwanja chetu tunakilima tangu mwaka 2008, tulipovuka mpaka pale Ishasha na kuletwa hapa, kwa hiyo la kusema tunalo.

Tunalotaka kusema ni hili. Majirani wetu wengi hawana bustani, na sababu si uvivu. Wala si udongo peke yake, ingawa ni kweli kwamba waliokuja zamani walipata mashamba, na waliokuja karibuni wengi wamepata nafasi ya nyumba na ukingo mdogo tu. Sababu kubwa ni kungoja. Mmoja anangoja mahojiano, mwingine anangoja tarehe ya ndege, mwingine anangoja amani irudi kwao. Ukimwuliza, "Mama, mbona hapa nyuma ya nyumba pako wazi?" anakujibu, "Mwalimu, sisi tuko wapita njia. Nikipanda mihogo, nani atakula?" Wengine wanaogopa kabisa kabisa. Wanaona kushika jembe ni kama kutia sahihi kwamba hawataondoka tena.

Tunawaelewa. Hata nyumbani kwetu jambo hili lilizungumzwa usiku mwingi. Mama ndiye aliyekata maneno. Alisema, "Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa sisi hapa tuko siku ya ngapi?" Hakuna aliyemjibu. Kesho yake asubuhi tulianza kulima.

Ndugu wasomaji, tuangalie historia ya mahali hapa. Kambi hii ilianza kabla Uganda haijapata uhuru wake mwaka 1962. Waliotangulia ni Wanyarwanda waliokimbia nchi yao kuanzia mwaka 1959, na wengi wao walirudi mwaka 1994 na baada yake. Hiyo ni miaka zaidi ya thelathini. Hakuna mtu anayekimbia nyumbani kwake na hesabu ya miaka thelathini kichwani. Kila mmoja anakimbia na hesabu ya wiki mbili.

Na hata sisi wa leo tumeona. Tarehe 20 Januari 2025, rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na amri ikaanza kazi tarehe 27 mwezi ule ule. Watu waliokuwa na tarehe za ndege waliambiwa safari hakuna. Na wiki ile ile vita vilifika Goma mjini. Kwa hiyo sisi Wakongo tulisikia milango miwili ikifungwa kwa pamoja, wa mbele na wa nyuma.

Jirani zetu walikuwa kati ya hao. Ni watu saba. Walikuwa wameuza masufuria na magodoro, jembe wakampa mtu, na bustani yao waliiacha ishikwe na majani tangu mwezi wa kumi. Habari ilipokuja, yule mama alikaa kwenye mkeka siku tatu bila kusema. Mama yetu alikwenda kumsalimu, akabeba jembe letu la pili na fungu la mashina ya viazi. Yule mama akasema, "Mama Mwalimu, nipande nini? Nipande aibu yangu watu waione?" Mama yetu hakubishana. Aliweka mashina kivulini, akayamwagia maji, akarudi nyumbani. Mvua ya mwezi wa tatu ilipoanza, tuliwaona wanalima, yeye na watoto wake wakubwa. Hatusemi kwamba bustani ilimponya huzuni. Bado anaangalia simu yake kila asubuhi. Lakini watoto wake wanakula mboga jioni, na hilo si jambo dogo.

Si jambo dogo kwa sababu ya mgao. Mwaka 2020 mgao wetu wa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2021 ukapunguzwa tena. Mwaka 2023 tukagawanywa katika makundi matatu, na kundi la tatu likaambiwa lijitegemee. Mwaka 2025 watu karibu milioni moja katika nchi nzima waliondolewa kwenye chakula cha msaada. Sisi tunaofundisha tunayaona haya darasani. Mtoto anaweka kichwa kwenye dawati saa nne asubuhi, ukimwuliza jana jioni mlikula nini, anasema uji wa chumvi. Huyo hata ukimfundisha hesabu kwa wimbo hazitaingia. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa tumbo ni tumbo kweli.

Basi tufanye hesabu nyingine, hesabu ya mazao. Mtu anayesema "nitaondoka karibuni" aangalie hii. Dodo, ambalo wengine tunaliita lengalenga na wengine mchicha, unalimwaga leo na baada ya wiki tatu au nne unachuma. Sukuma wiki unaiweka kwenye kitalu wiki nne, unaihamisha, na baada ya wiki sita hadi nane unaanza kuvunja majani, nayo inaendelea kutoa kwa miezi. Maharagwe ni miezi mitatu hivi. Viazi vitamu ni miezi minne au mitano. Mihogo ni miezi tisa, mwaka, hata zaidi.

Lakini angalieni jambo moja ambalo watu wanalisahau. Mengi ya mazao haya yanakulisha majani kabla hayajakulisha chakula chenyewe. Viazi bado havijaweka kitu chini, matembele yako tayari juu. Mihogo bado ni kamba tu, sombe unaitwanga. (Sombe tuitwange vizuri na kuichemsha kwa muda mrefu, kwa sababu majani mabichi ya mihogo yana sumu.) Majani machanga ya maharagwe nayo ni mboga. Kwa hiyo hata aliye na safari ya mwezi ujao, dodo lake atalila yeye mwenyewe. Na safari zetu tunazijua, mwezi mmoja huzaa mwingine.

Sasa, wale wasio na nafasi. Dawa yao ni gunia. Tunatafuta gunia kuukuu, tunachanganya udongo mafungu mawili na samadi kavu fungu moja. Samadi si shida hapa Isingiro, ng'ombe wa pembe ndefu wanapita njiani kila siku. Ila isiwe mbichi. Iacheni ioze mwezi mmoja au miwili, kwa sababu samadi mbichi huunguza miche. Halafu tunachukua kopo la mafuta lililotolewa kitako, tunalisimamisha katikati ya gunia na kulijaza mawe madogo, udongo tunauweka pembeni yake. Tunalivuta kopo juu, tunajaza tena mawe na udongo, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Ile nguzo ya mawe ndiyo njia ya maji, bila hiyo maji yanabaki juu na chini panakauka. Kisha tunatoboa matundu pembeni, kila moja mbali na mwenzake kama shibiri moja, yasikae kwenye mstari mmoja wa juu na chini. Matunduni tunachomeka miche ya sukuma wiki, si mbegu. Juu tunapanda vitunguu. Gunia moja haliwezi kulisha nyumba nzima, hatutaki kudanganya watu. Magunia matatu mlangoni, ukichuma kwa zamu, yanatosha kuipa nyumba mboga mara kadhaa kwa wiki.

Maji ndiyo tatizo kubwa, maana foleni ya bomba tunaijua. Sisi hatubebi bidoni kwa ajili ya bustani peke yake. Maji ya kuoshea mboga, mchele na maharagwe yanaingia kwenye gunia. Maji ya kunawa mikono pia. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi hatuyatumii. Tunamwagilia jioni, jua likishaanguka, na juu ya udongo tunatandaza majani makavu ili unyevu usikimbie. Mvua zetu ni mbili, ya mwezi wa tatu hadi wa tano na ya mwezi wa tisa hadi kuelekea mwisho wa mwaka. Mwezi wa sita hadi wa nane ni kiangazi kikali. Kwa hiyo maharagwe na mahindi yafuate mvua, na magunia yasaidie kiangazi.

Wadudu wadogo weusi wanaojibana chini ya majani tunawapaka majivu makavu asubuhi wakati kuna umande, halafu tunaosha mboga vizuri kabla ya kupika. Mbuzi ni adui mkubwa kuliko wadudu. Wenye ukingo wazungushie miyenzi, lakini watoto waonywe, maziwa ya mti ule yakiingia jichoni ni hatari. Na jambo hili tafadhali tulishike. Tusishuke kulima ukingoni mwa ziwa. Maeneo oevu ya Mburo na Nakivale yako kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar tangu mwaka 2006. Lakini hata bila orodha, tukikata mafunjo yote udongo utaingia majini, na samaki tunaowategemea wataondoka.

Kuhusu viazi tunataka kuongeza neno. Kuna viazi vya rangi ya chungwa ndani, vyenye vitamini A nyingi, inayolinda macho ya watoto na kuwapa nguvu ya kushindana na magonjwa. Hapa Uganda aina mbili za viazi hivyo, Kabode na Vita, zilitolewa kwa wakulima mwaka 2007. Mganda mmoja mtaalamu, Robert Mwanga, pamoja na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi ya kuongeza lishe katika mazao kama hayo. Watoto wetu wanavipenda kwa rangi. Na uzuri wa viazi ni kwamba mbegu yake hainunuliwi. Unakata shina la urefu wa mkono hadi kiwiko hivi, unafukia vifundo vitatu chini, basi. Kiangazi tunahifadhi mashina machache karibu na mahali pa kuogea ili yasife, na mvua ikija tunagawana. Shina kutoka kwetu limekwenda kwa Mrundi, kutoka kwa Mrundi limekwenda kwa Msomali ambaye kwanza alicheka, akisema kwao majani ni ya mbuzi. Sasa yeye ndiye anayetuletea miche ya pilipili.

Neno la mwisho juu ya kuuza. Wachuuzi wanakuja na magari kutoka Mbarara wakati wa mavuno, na bei inakuwa chini kwa sababu kila mtu anauza siku moja. Miezi miwili baadaye tunanunua maharagwe yale yale kwa bei ya juu. Hatuwezi kuwakataza watu kuuza, ada za shule na dawa zinahitaji pesa. Ila sisi tumejiwekea sheria ya nyumbani. Yaliyoko shambani mbali tunaweza kuuza, lakini yaliyoko nyuma ya nyumba ni ya sufuria. Mama hakubali hata jani moja litoke pale kwa pesa. Jirani akiomba, anapewa bure.

Na yule anayeuliza, "Nikiondoka, nani atakula?" jibu letu ni hili. Atakula jirani yako. Atakula mgeni atakayepewa nyumba yako, ambaye atafika na bidoni moja na watoto wenye njaa. Sisi tulipofika hapa mwaka 2008 tulikuta mparachichi mchanga nyuma ya kiwanja. Aliyeupanda hatumjui jina wala nchi yake. Tumekula matunda yake miaka yote hii, na tunamwombea heri kokote aliko.

Mwenye safari aendelee na safari yake, faili lifuatiliwe, simu ipokelewe. Tunawaombea wote mpate. Wakati huo huo mvua haingoji mtu. Mbegu za dodo tunazo za kutosha, na mashina ya viazi ya rangi ya chungwa tutaanza kugawa mvua ikishika. Anayetaka aje jioni baada ya masomo, aje na kikopo chake.