Strasbourg, Wanakofundishwa Vidole

Strasbourg ni mji wa mashariki mwa Ufaransa; ukivuka daraja la mto Rhine tu, umeingia Ujerumani. Wageni hukimbilia kanisa kuu lenye mnara wa mita 142. Sisi wauguzi tuliulizia hospitali, ndiyo kawaida yetu. Chini ya hospitali hiyo kongwe kuna ghala la mvinyo la tangu mwaka 1395, na pipa moja lina mvinyo wa 1472! Tulitazama, tukacheka, tukapita.

Katika uwanja huo huo ipo IRCAD, taasisi aliyoianzisha Profesa Jacques Marescaux mwaka 1994. Madaktari huja hapa kutoka pande zote za dunia kujifunza kupasua kwa kupitia matundu madogo. Sisi tulivutwa na habari ya watoto wanaozaliwa na umio uliokatika.

Mama msomaji, umio ni njia ya chakula. Kwa mtoto 1 kati ya 2,500 hadi 4,500 hivi, kipande cha juu kimeziba kama mfuko, na mara nyingi cha chini kimeungana na bomba la hewa. Hawezi kumeza hata mate yake. Mwaka 1941 Dkt. Cameron Haight wa Michigan, Marekani, alifanikiwa kuunganisha ncha hizo kwa operesheni moja, akipasua kifua. Mwaka 1999, mjini Berlin, ikafanyika kwa matundu na kamera.

Si kazi ndogo! Vyombo vina unene wa milimita 3. Daktari hatazami mikono yake, anatazama televisheni. Mkono ukienda kulia, ncha ya chombo inakwenda kushoto. Kufunga fundo moja la uzi ndani ya kifua kinachoenea kiganjani humtoa jasho hata bingwa. Ndiyo maana huanzia kwenye vifua vya bandia. Afadhali uzi uchane mpira.

Tangu 2023 taasisi hiyo ina tawi Kigali, Rwanda, na sisi tulifurahi mno. Lakini bingwa humpokea mtoto aliyemfikia akiwa hai. Kichanga akitoa mate yenye povu yasiyokwisha, akipaliwa na kugeuka rangi ya bluu anyonyapo mara ya kwanza, asinyonyeshwe tena wala kupewa maji. Mwite mkunga hapo hapo. Atajaribu kupitisha mrija mdomoni. Ukigoma kufika tumboni, safari ya hospitali kubwa ianze: mtoto amefunikwa vizuri, kichwa kimeinuliwa, mate yakifyonzwa njia nzima.