Shahada ya Dini na Ujira wa Mtenda Kazi



Wapendwa waamini, juma lililopita, baada ya Misa ya asubuhi, alinijia binti mmoja wa parokia yetu akiwa na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na cheti cha shahada ya masomo ya dini. "Baba Paroko," alisema, "mjomba ananiuliza kama nimesomea upadre. Niende wapi na karatasi hii?"

Nilimjibu upesi: "Mwanangu, njoo ujitolee hapa parokiani, Mungu atakulipa." Alishukuru kwa adabu, akaondoka. Jibu langu halikuniachia amani.

Kwa kweli njia zipo. Mwenye shahada kama yake aweza kuongeza stashahada ya uzamili ya ualimu, ambayo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huifundisha, akajiandaa kuwa mwalimu. Aliyezoea kuchambua maandiko ya kale anafaa kuhariri vitabu, kutafsiri, au kuandaa vipindi vya redio. Aliyejifunza imani za wengine anafaa katika mashirika yanayopatanisha jamii na kuhudumia wakimbizi. Akiendelea na masomo ya sheria za Kanisa, mlei, awe mwanamke au mwanamume, aweza kuwa mtetezi wa kifungo cha ndoa katika mahakama ya Kanisa, hata hakimu kwa ruhusa ya Baraza la Maaskofu (kanuni 1435 na 1421). Ila kila njia hudai ujuzi wa nyongeza. Wazazi, waambieni vijana hayo mapema, kabla ya kulipa ada.

Lakini lililonisumbua ni jingine. Kanuni ya 231 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inatamka kwamba walei wanaojitoa kwa utumishi maalumu wa Kanisa wana haki ya malipo ya heshima, yatakayowatosha wao na familia zao. Papa Leo XIII alitetea ujira wa haki katika waraka wake Rerum Novarum, mwaka 1891. Waraka huo nauhubiri kila Mei Mosi, nikiwanyoshea kidole matajiri. Na katekista wetu je? Tunampa mchele na sabuni siku ya Noeli, kisha twamwita nguzo ya parokia.

Nilimwita tena binti yule, nikamwomba radhi. Jumapili ijayo nitaiomba Halmashauri ya Walei iweke katika bajeti nafasi moja ya mratibu wa katekesi, yenye mkataba na mshahara, itakayotangazwa kwa wote wenye sifa. Huenda paa la ukumbi likasubiri mwaka mwingine. Najua wapo watakaonung'unika.

Ndugu zangu, tukiwaambia watoto wetu kwamba elimu ya mambo ya Mungu ina thamani, basi sisi tuwe wa kwanza kuilipia.

Mungu awabariki.

Wenu katika Kristo,
Paroko